Aliyeimba Disko Buyenzi

Bangwe, Kigoma
9 Februari 1998

Evaline, umeimba redioni! Wewe mwenyewe, sauti yako, Jumamosi alasiri, na aliyekuweka hewani ni mwanangu Benedict, na hajui kama ni wewe!

Haya. Nimeshatema, sasa nikusalimu kama watu. Hujambo mdogo wangu? Shemeji Telesphory hajambo na kazi ya Injili? Wanao wanakwenda shule hapo kambini? Sisi hatujambo. Baba Benedict goti limemwachia, amerudi kwenye mashine za boti, anarudi nyumbani ananuka dizeli, nami nanuka dagaa, basi hakuna wa kumlaumu mwenzake. Kibirizi mwezi ulipokuwa gizani tulipata dagaa mpaka tukakosa pa kuanika.

Sasa Benedict. Ile redio mpya ya hapa mjini, nilikuambia ilimchukua abebe masanduku ya santuri. Walidhani wamepata mbebaji. Mtoto wangu mimi? Hazikupita siku nyingi akaanza kuwasahihisha watangazaji majina ya bendi, na sasa ana kipindi chake. Kila Jumamosi anapiga santuri moja nzima, upande wa kwanza na wa pili, halafu wasikilizaji wanatoa maoni, wengine kwa barua, wengine wanakwenda mpaka mlangoni kwa miguu yao. Wanasema toka Kasulu mpaka ng'ambo Kalemie hakuna sauti kama yake. Wanaosema hivyo ni mimi na Regina muuza chai, lakini tulisema kila mtu kwa wakati wake, hatukupatana.

Basi juzi niko Kibirizi nimeinama nageuza dagaa, redio inalia kwenye kibanda cha Regina. Namsikia mwanangu anasema, leo nina santuri niliyoipata Ujiji ndani ya sanduku la mtu aliyehama, inaitwa Disko Buyenzi, ya mwaka sabini na tisa. Ikaanza besi. Yakaja matarumbeta. Halafu wewe. Mkono wangu ukabaki hewani na dagaa wanadondoka mmoja mmoja.

Regina akaniuliza, "Mama Benedict, umeumwa na nini?"

Nikasema, "Mgongo."

Wapagazi waliokuwa wanakunywa chai wakaanza kubishana palepale. "Huyu mama ni Mzaire." "Mzaire wapi, huyu Mzambia, sikiliza anavyovuta." "Nyie nyamazeni basi tumsikie huyo Mzambia wenu!" Nami nimeing'ata kanga yangu kwa meno. Unajua mimi na siri, Evaline. Ni dagaa ndani ya mfuko wa nailoni: hata ukifunga, kila mtu anajua umebeba nini.

Umekumbuka lakini? Tulipovuka ziwa mwaka sabini na mbili, mama na mimi, wewe ukabaki Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, kwa shangazi, tulikaa miaka minane hatujui kama u hai. Halafu siku moja tunapita mbele ya duka pale Ujiji, santuri ikaimba ndani. Mama akakaa chini, katikati ya njia, baiskeli zinamkwepa. Akasema, "Huyo Evaline. Ndivyo alivyokuwa akilia njaa." Ndivyo tulivyojua. Wenzetu waliletewa barua, sisi tuliletewa disko.

Sasa nakuomba kitu kimoja tu. Niruhusu nimwambie Benedict, atangaze kwamba yule Ella aliyeandikwa kwenye jalada ni mama yake mdogo. Fikiria! Mtangazaji ni mtoto wangu, mwimbaji ni mdogo wangu. Wale wanawake wa Katonga watanisalimu kwa magoti.

Nijibu upesi. Dereva wa lori la mahindi anakuja huko wiki ijayo.

Dada yako,
Clementina


Kambini Mtabila
27 Februari 1998

Dada Clementina, shikamoo.

Nimefurahi kwa goti la shemeji. Sisi wazima. Mvua zimekubali, mihogo niliyopanda nyuma ya nyumba imesimama. Mtoto mkubwa amekuwa wa pili darasani, mdogo amekuwa wa pili kutoka mwisho, kwa hiyo nyumba yetu ina washindi wawili. Telesphory anakusalimu sana.

Mwambie Benedict nimefurahi. Mwambie hivyo tu.

Lile jambo usiliseme, dada. Nakuomba kwa mama yetu aliyelala. Hapa mume wangu ni mwinjilisti na mimi naongoza kwaya ya akina mama. Mwaka jana binti mmoja aliondolewa kwaya kwa kucheza kwenye arusi, na ilikuwa arusi ya kaka yake. Telesphory mwenyewe ana mahubiri ya disko, watu huyaomba kama wimbo. Alinioa mwaka themanini na tisa akijua kwamba nilikuwa nauza vitambaa sokoni Buyenzi. Na kweli nilikuwa nauza vitambaa. Mchana.

Nyumba niliipoteza mwaka tisini na tano, na vitu vyote. Hapa nilipofika sikuwa mtu. Kwaya ndiyo iliyonifanya mtu tena, nikawa na jina na mahali pa kusimama. Nikitolewa pale, sina pengine pa kusimama humu kambini.

Kwenye jalada la santuri waliandika Ella basi, na picha ni ya mgongo. Acha ubaki mgongo.

Niapie.

Mdogo wako,
Evaline

Alipiga na upande wa pili?


Bangwe
15 Machi 1998

Mdogo wangu Evaline,

Nakuapia. Na kiapo hiki nilikiapa tangu barua yako ilipofika, kwa hiyo soma mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Kwanza salamu. Hujambo na wote hapo? Hongera kwa washindi wawili. Hapa Baba Benedict amepata kikohozi, lakini ni kile cha kutaka supu ya samaki kuhe, nimeshamjua. Ndiyo, upande wa pili alipiga, na akaurudia.

Evaline, mji umegawanyika! Benedict alizoea kila wiki santuri mpya, lakini kwa hii watu hawakumwachia. Mzee Leonardi, yule aliyestaafu reli, alitembea kutoka stesheni na fimbo yake kuja kusema kwamba muziki usio na gitaa la solo ni chai isiyo na majani. Vijana wa Mwanga wakamjibu kwamba gitaa limejaa kwenye kila bendi, hii wanaipendea mdundo, ila wangependa uende mbio zaidi. Mwalimu Hatungimana, yule Mrundi mwenzetu anayefundisha Gungu, aliandika kurasa nzima kusifu wimbo wa mwisho, kisha akamalizia kwamba haukupaswa kuwa wa mwisho. Kuna mama wa Katonga alisema wimbo wa pili ndio uliomfanya akubali kuolewa. Wiki iliyofuata mumewe naye akaleta barua yake mwenyewe, akasema ni huohuo wimbo, na anaomba usipigwe tena.

Lakini ugomvi mkubwa ni makofi. Wimbo wa tatu, pale mwanzo kabla ya besi: mawili ya polepole, unangoja, halafu matatu ya haraka. Vijana wanasema hiyo ni mashine ya Ulaya. Mimi moyoni nikacheka. Mashine gani? Yale ni makofi ya salamu, viganja vimekunjwa kidogo, kama mama alivyotufundisha kuchuchumaa mbele ya wakubwa kule Nyanza-Lac. Wazungu wa disko walitaka makofi, wewe ukawapa uliyoyajua. Haya yote niliyajua na nikanyamaza. Jumamosi ya kwanza nikanyamaza. Ya pili nikanyamaza mpaka Regina akaniuliza kama nimeokoka.

Sasa jana. Herman fundi cherehani wa Ujiji, niliwahi kukusimulia, yule anayejua kila kitu isipokuwa kupima suruali? Kafika redioni akasema Ella alikufa Bujumbura mwaka tisini na tatu, na yeye anamfahamu mtu aliyebeba jeneza. Na mwanangu, mtoto niliyemzaa mimi, akasema kwa ile sauti yake nzuri, "Mungu amlaze mahali pema," akaomba wasikilizaji wote tukae kimya kidogo.

Kibirizi nzima ikanyamaza. Wapagazi wakashusha matenga. Regina akavua kitambaa cha kichwa. Na mimi nimesimama pale, mdogo wangu anazikwa na mwanangu, ninaambiwa ninyamaze.

Evaline, hapana. Nilishakuomboleza miaka minane, sina machozi ya kurudia. Niliacha dagaa kwenye mchanga, nikapakiwa kwenye baiskeli ya mtu nisiyemjua, magamba mpaka viwikoni, nikaingia mpaka chumba cha kile kipaza sauti. Nikasema, "Mimi Mama Benedict wa Bangwe. Ella hajafa. Nimembeba mgongoni, nimemlisha uji. Anayetaka kuzika, azike wa kwao."

Jina lako sikulitaja. Hata herufi. Angalia nilivyoshika kiapo.

Ila Benedict aliweka santuri nyingine haraka, akanitazama, akasema, "Mama. Wewe una mdogo mmoja tu."

Amesema hatamwambia mtu.

Dada yako anayekupenda,
Clementina


Bangwe
20 Aprili 1998

Mdogo wangu,

Hujambo? Pasaka ilikwendaje? Barua yangu ya Machi ilifika? Nilimpa yule dereva wa lori la mahindi, mwenye jino la dhahabu. Ameniapia alimkabidhi mtu wa kanisani kwenu, mkononi.

Hapa salama. Watu wanakuja Kibirizi kununua dagaa hata wasiokula dagaa, wananizunguka tu. "Mama Benedict, huyo uliyembeba mgongoni yuko wapi siku hizi?" Nawaambia yupo anapumua. Zaidi ya hapo sisemi.

Andika hata mstari mmoja. Nitukane ukitaka.

Clementina


Kambini Mtabila
11 Mei 1998

Dada, shikamoo.

Barua zote mbili zimefika. Sisi wazima. Mvua zimekatika mapema, maharage hayakujaa vizuri. Mgao wa mwezi huu ni unga wa njano. Mtoto mdogo alikuwa na malaria, amepona. Kanisa limeezekwa upya upande mmoja.

Msalimie shemeji.

Habari nyingine sina.

Evaline


Bangwe
2 Juni 1998

Evaline mdogo wangu,

Pole kwa malaria ya mtoto na pole kwa maharage. Nimekutumia mawese na dagaa kidogo, wale wakavu kabisa, wa kusaga na karanga. Huku Baba Benedict mzima. Mtoto wa Regina amechumbiwa na mtu wa meli, Regina anatembea kama yeye ndiye meli.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Ni fupi, lakini imenichukua muda mrefu kuimaliza. Mtu akiniandikia juu ya paa la kanisa najua hataki kuniona.

Mimi ni mtu wa darasa la nne. Wewe ulinipita kwa kusoma, kwa kuimba, na kwa kunyamaza. Mungu alinipa mtoto mmoja mwenye sauti na mdogo mmoja mwenye sauti, na mimi akanipa mdomo wa kuwatangaza. Kama si mdomo huu nani angejua nina nini? Nyumba ya udongo na tenga la dagaa. Lakini haikuwa haki yangu kukufungulia mlango wako ukiwa ndani hujajifunga kanga.

Sasa sikiliza. Redio inataka kufanya siku ya kusikiliza Disko Buyenzi hadharani, pale uwanjani Mwanga, watu wote waje na maoni yao, maana mlango wao umechoka kugongwa. Wanamwomba Benedict amlete huyo mtu wa kubebwa mgongoni. Nimemwambia angoje.

Ukisema neno, nitakwenda palepale kwenye kipaza sauti. Nitasema nilichanganya mtu na mtu. Nitasema Mama Benedict wa Bangwe alitaka sifa, akadanganya mji, Ella simjui wala hanijui. Watanicheka Kibirizi mpaka nizeeke, na Herman atanipita kifua mbele. Nitakubali. Wewe ubaki na kwaya yako.

Nangoja neno lako.

Clementina


Kambini Mtabila
5 Julai 1998

Dada yangu Clementina, shikamoo sana.

Usiende popote kusema wewe ni mwongo. Hakuna atakayekuamini, watu wanajua huwezi kusema jambo baya juu yako.

Dagaa tumekula na watoto wakalamba sahani. Telesphory anashukuru kwa mawese. Yuko hapa karibu nami ninapoandika, anajifanya anasoma.

Nikueleze ilivyokuwa. Hapa kwetu redio ya maana ni moja, ya Nyabenda fundi cherehani, anaiweka juu ya mashine na watu wanakaa kwenye mabenchi nje. Jumamosi moja mwezi uliopita Telesphory alikwenda kungoja suruali yake itiwe kiraka. Wazee walikuwa wamejaa, wengine wa kanisani, Mzee Nshimirimana yupo, wanangoja nguo zao na wanapiga soga. Mimi nilikuwa ng'ambo ya njia napepeta mchele. Benedict akasema wasikilizaji wameomba turudie Disko Buyenzi. Nikaacha kupepeta.

Nyimbo mbili za kwanza wazee walikuwa wanaendelea na soga zao, hawakusikia. Kisha ule wa tatu. Unajua unavyoanza, kimya kabisa, halafu makofi. Mawili. Ukangoja.

Dada, wakaitikia! Wazee wote wa benchi lile. Walisikia mtu anawasalimu, nao ni watu walioleleka. Mzee Nshimirimana alivua kofia. Telesphory aliinuka nusu, akainama, akapiga makofi yake matatu ya kujibu, taratibu, na akasema "Amahoro, amahoro" kwa ile sauti ya kumkaribisha mgeni. Wakawa wanageuka kutafuta aliyefika. Ndipo besi ikaanguka kama gunia.

Vijana walicheka mpaka mmoja akaanguka kwenye vitambaa. "Mwinjilisti ameamkia disko!" Telesphory alichukua suruali yake bila kiraka akaenda zake.

Siku zile nyumbani alikuwa anakula upesi na kutoka. Nilidhani ni aibu. Halafu tuko mezani akasema, "Yule mwanamke wa redioni amekulia Nyanza-Lac."

Nikamuuliza amejuaje.

Akasema, "Mtu hupiga makofi ya mama yake. Anapiga mawili, anangoja mpaka unakaribia kudhani hatamaliza. Nilikaa miaka mingi bila kusalimiwa vile. Nikamwitikia kabla sijafikiri."

Mkono wangu ulikuwa ndani ya bakuli la kunawa. Ningeweza kunyamaza, dada. Nimenyamaza mambo mengi na yakapita. Lakini alivyosema "nikamwitikia" ilikuwa kama amenitoa nje kwa mkono.

Nikasema, "Umeniitikia mimi."

Alinitazama. Akatazama watoto. Akasema, "Kumbe." Akatoka nje. Nilisikia anazunguka nyumba, mara moja, mara ya pili, anasogeza jembe, analirudisha. Aliporudi akaketi, akasema, "Sasa nitafanyaje? Nimekusalimu mbele ya watu. Salamu ikishaitikiwa hairudishwi. Huwezi kumwitikia mtu kisha ukasema humjui."

Nikamwambia, "Hata kama ni disko?"

Akasema, "Hiyo nitamuuliza Mungu. Wewe nimeshakuitikia."

Alikwenda kwa wazee wa kanisa mwenyewe, kabla maneno hayajatangulia. Mzee Nshimirimana akasema disko ni disko na kiongozi wa kwaya ni kiongozi wa kwaya. Telesphory akamjibu, "Ndugu yangu, mimi nilipiga makofi tu. Wewe ulivua kofia." Na kila mmoja wao alikuwa benchini siku ile.

Sikuponyoka bure. Wameniondoa kwenye uongozi mpaka mavuno yajayo, nakaa safu ya nyuma. Mke wa Nyabenda ndiye anaongoza. Anaanzisha juu mno, wenzangu wanamfuata kama wanaopanda mti, lakini simwambii. Nililia siku ya kwanza. Siku ya pili, akina mama watatu walinivuta nyuma ya kisima wakaniuliza kama naweza kuwafundisha ile sauti ya pili ya kwenye wimbo wa tano, tuitie maneno ya Zaburi. Kumbe wanasikiliza wote. Kila mmoja anayo maoni. Mmoja alisema kwamba sauti yangu wakati ule ilikuwa nyembamba na sasa ni bora zaidi, nami nikamchukia na kumpenda hapohapo.

Na Telesphory naye ameshakuwa msikilizaji. Anasema wimbo wa tatu ni wa heshima. Wa nne una ngoma nyingi. Wa sita ameniuliza huyo "mpenzi" anayeitwa mara zote hizo ni nani. Nikamwambia ni kibwagizo.

Sasa neno ulilolingoja. Sema. Usiseme Ella. Mwambie mwanangu Benedict aseme jina langu lote: Evaline Ndayikunda wa Nyanza-Lac, mke wa Telesphory Barutwanayo, yuko Mtabila, mzima. Kama kuna watu wetu wengine walionizika kule walikokimbilia, nao wasikie. Sisi tulijua kwa santuri. Labda na wao.

Telesphory ameomba kibali cha kutoka kambini, chetu wote. Mkuu wa kambi amesema atatoa, kwa wiki moja. Tutakuja. Kuimba sitaimba, usinitangaze. Nitakuja kuonekana tu.

Mdogo wako,
Evaline


Bangwe
20 Julai 1998

Evaline Ndayikunda wa Nyanza-Lac!

Amelisema. Jumamosi, baada ya wimbo wa tatu, polepole, kila neno na mahali pake, mpaka "mzima." Sauti ilimkatika pale kwenye "mama yangu mdogo," akajifanya anakohoa. Mwanangu! Nilikuwa Kibirizi, nimekaa kwenye kiti alichonitolea Regina, kiti chenye mgongo, katikati ya mchanga. Nilipiga vigelegele mpaka watu wa boti wakadhani kuna mtu amezaa.

Shikamoo yako nimeipokea, na shemeji Telesphory mwambie hivi: mimi ni mkubwa wa mke wake, lakini akifika hapa mimi ndiye nitakayechuchumaa.

Herman fundi amesema alikuwa anazungumzia Ella mwingine. Mzee Leonardi amesema kwa kuwa mwimbaji ni mtu wa nyumbani, amesikiliza tena kwa makini zaidi, na bado hakuna gitaa la solo. Yule bwana wa Katonga ameleta barua ya kuomba radhi iliyoandikwa na mkewe. Na jana amekuja mtu kutoka kambi ya Lugufu, mzee mfupi, ananiuliza kama huyo Ndayikunda ndiye aliyekaa kwa shangazi yake mwenye duka la chumvi Buyenzi. Shangazi yetu alikuwa na duka la chumvi, Evaline. Sikumjibu, nimemwambia aje akuulize wewe mwenyewe. Unaona ninavyojifunza kunyamaza.

Mambo ya kulala nimeyapanga. Wewe na shemeji chumba cha Benedict, yeye atalala redioni, anakipenda kile chumba kuliko nyumba yangu. Watoto kwangu. Wanakwaya wote watakaopata kibali, Regina anawachukua, na Mzee Nshimirimana naye aje, tutamkalisha mbele, na kofia yake. Samaki nao, migebuka, nimeshawaagiza kwa watu wa boti. Ndizi zinatoka Mwandiga. Mwalimu Hatungimana anakuja na darasa zima, na vijana wa Mwanga wanaleta spika zao, wanasema bila spika zao besi itaaibika.

Sikuwaambia watu kwamba utaimba. Nimewaambia "labda." Ila niliisema kwa sauti kubwa kidogo.

Panda lori la asubuhi, usingoje la pili. Dada yako Clementina nakusubiri barabarani, na Kigoma nzima inakusubiri uwanjani Mwanga, saa nane mchana, Jumamosi, tarehe ishirini na mbili Agosti.